Tuhame Minnesota twende Texas kisa hakuna kodi ya jimbo? Walioishi kote naombeni ushauri

mama_mapacha

Habari zenu wakuu. Naombeni mawazo maana humu ndani tumeshagawanyika mafungu mawili. Tuko Brooklyn Park, Minnesota, mwaka wa saba huu, mi ni nesi kwenye nyumba ya wazee, mume anaendesha lori la masafa marefu, watoto mapacha wanaingia darasa la nne. Sasa mdogo wake mume yuko Katy, pembeni ya Houston, na simu yake haijawahi kuisha bila kutaja kodi, eti nyie mnaifanyia kazi serikali, huku jimbo halikati hata senti kwenye mshahara, mnangoja nini.

Nilikuwa namsikiliza kwa sikio moja mpaka tulipojaza ritani, ile fomu ya kodi ya kila mwaka, mwaka huu. Kwa pamoja tuliingiza kama dola 128,000 na jimbo la Minnesota peke yake limekula 5,300 na ushee, hapo sijataja ya serikali kuu. Jamani hiyo si kiwanja Kibaha kabisa? Mume kaniangalia, mi nikamwangalia, siku hiyohiyo shemeji akatuma picha za nyumba mpya, vyumba vinne, gereji ya magari mawili, 340,000. Yetu hapa ingeuzwa kama 330,000, vyumba vitatu, imejengwa miaka ya sabini na madirisha yanapitisha upepo.

Ya huku tunalipa kodi ya jengo kama 4,100 kwa mwaka na bima ya nyumba 2,900. Mama yangu nae anakuja mwakani kwa grini kadi, na sijui mtu wa Tanga atafanya nini na Januari ya huku. Mume anasema tuhame kabla shule hazijafungua. Mi bado nasitasita ila kila nikiangalia dirishani nakosa hoja ya kumpinga. Nyie mnaonaje?

Kobe wa Fort Bend

Dada karibu, mi niko kaunti ya jirani na huyo shemeji yako, mwaka wa tisa, kwa hiyo nitaongea na bili zangu mkononi.

Kwanza shemeji hajadanganya, Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, na iko kwenye katiba yao kabisa. Ila barabara zinajengwa, walimu wanalipwa, polisi wapo. Hela inatoka wapi? Inatoka kwenye nyumba yako. Sisi tumezoea kodi ya jengo ya kwenye LUKU, ile elfu na mia tano kwa mwezi hata huioni inavyokatwa, halafu unafika huku unaletewa karatasi ya maelfu ya dola, mwaka wa kwanza nilidhani wamekosea jina.

Mitaa mipya kama hiyo aliyokutumia picha mingi ina kitu wanaita MUD. Ni mamlaka ya maji ya mtaa, mwenye mradi anachimba mitaro na kulaza mabomba kwa mkopo, na deni lile mnalilipa nyie mnaohamia, linaingia kwenye kodi ya jengo kila mwaka. Mtaa wa zamani deni limeshapungua au limekwisha, mtaa mpya ndo linaanza. Kwa hiyo kwenye tangazo usiangalie bei tu, uliza kiwango cha kodi chote pamoja, kaunti na shule na MUD. Changu kinafika asilimia 2.7. Nyumba yangu wameithaminisha kama hiyohiyo 340,000, na baada ya punguzo la homstedi (ni la mwenye nyumba anayeishi humohumo, hili ukihamia lazima uliombe, haliji lenyewe, kuna watu wanakaa miaka hawajui) nililipa 7,900.

Sasa toa. Wewe unalipa 4,100, mimi 7,900, tofauti 3,800. Kwenye ile 5,300 umebaki na 1,500. Bima ya nyumba yangu 4,300, yako 2,900, imeondoka 1,400 nyingine. Umebaki na dola 100 dada, na bado hujapanda barabara ya kulipia, EZ TAG yangu, kile kibandiko cha kulipia, inakula kama 90 kwa mwezi nikienda kazini. Na hiyo bima haigusi mafuriko, ya mafuriko unakata peke yake, na ile ya serikali ukiinunua leo inaanza kazi baada ya siku 30, kwa hiyo usisubiri usikie kimbunga kwenye redio.

Halafu kila mwaka wanaithaminisha upya na inabidi ukawapinge, mwisho Mei 15. Mi huwa naenda na picha za nyufa za ukutani kama mtu anaenda kesi ya ardhi. Mwaka juzi walinipunguzia, mwaka jana wakanicheka.

chuma_ulete

Shemeji ana kamisheni kwenye hiyo nyumba au? 😂

Mzigo Mkavu

Mbona mnaikoroga. Mume ni dereva, lori halina jimbo. Achukue leseni kwa anwani ya mdogo wake Katy, mama na watoto mbaki hapohapo Brooklyn Park, mshahara wake unakuwa wa Texas, hakuna kodi. Nawajua kama wanne wanafanya hivyo.

Hesabu za Usiku

Mzigo Mkavu usimpeleke mtu pabaya. Najazia watu ritani kila msimu, niliandikie hili vizuri.

Ni kweli dereva anayevuka majimbo anatozwa kodi ya mapato na jimbo analoishi tu, sheria ya serikali kuu inawalinda, hata akipakua mzigo California kila wiki. Lakini "analoishi" maana yake analoishi kweli. Mke yuko Minnesota, watoto wanasoma Minnesota, nyumba iko Minnesota, akipumzika anarudi Minnesota, hapo leseni ya Texas inamsaidia nini? Watu wa kodi wa Minnesota wakimfuata wanadai kodi ya nyuma, adhabu na riba. Hao wanne unaowajua bado hawajafikiwa, ndo tofauti yao na wengine.

Wanaofaidika kweli na Texas mi nawaona wa aina mbili. Wenye kipato kikubwa sana, maana Minnesota ngazi ya juu inafika asilimia 9.85, mtu wa nusu milioni anahisi. Na wanaopanga, wenye mshahara mzuri na hawana haja ya kununua nyumba, japo hata huyo kodi ya jengo ya mwenye nyumba imo ndani ya kodi yake ya pango, lugha yetu nayo kodi zote tumeziita kodi. Mama mapacha nyie mko katikati, na watu wa katikati mara nyingi wanahamisha hela kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia.

Kidogo tu: nguo huku Minnesota hazitozwi kodi ya mauzo, Texas unalipa mpaka 8.25 Houston. Kwa mapacha wanaokua si haba.

Njeri wa St. Paul

Dadangu mimi nilifanya hiyo safari yako kinyume, nilitoka Dallas nikakuja huku 2019, pia mimi ni nurse, kwa hiyo wacha nikwambie ya kazi maana hao wanaume wamekaa kwa nyumba tu.

Mshahara ndio uangalie kwanza. Kwa saa moja huku napata dola kadhaa zaidi ya nilizokuwa napata Dallas, na chama cha manesi kiko na nguvu, tukiambiwa tubaki na wagonjwa wengi kupita kiasi kuna mtu wa kupigia simu. Dallas nilikuwa najipigia mwenyewe. Tafuta kazi yako kwa matangazo ya Katy, andika ile pesa wanatoa, ndio urudi kwa hesabu ya kodi. Ukipoteza dola tatu kwa saa hiyo ni karibu 6,000 kwa mwaka, basi hata kama kodi ya Minnesota ingekuwa mara mbili hujapata kitu.

Leseni pia. Texas iko ndani ya ile makubaliano ya majimbo ya leseni moja ya nurse, Minnesota haiko. Kwa hiyo utaomba ya Texas upya, na hii huchukua wiki nyingi, usiache kazi kabla haijatoka. Kwa upande mwingine ukishaipata na uwe mkaaji wa huko unaweza fanya kazi majimbo mengi bila kuomba tena, hiyo ni faida, siwezi kukuficha.

Na mamako. Wangu alikuja 2022 na green card, Medicare, ile bima ya wazee ya serikali kuu, hapewi mpaka miaka tano iishe, lakini aliingia MinnesotaCare, bima ya jimbo ya watu wa mapato kidogo, kwa sababu hakuwa na mapato, analipa kidogo sana, amefanyiwa macho yote mawili. Texas hakuna kitu kama hicho kwa mtu mzima, utamnunulia bima mwenyewe. Sheria za wahamiaji zinabadilika sana siku hizi kwa hivyo piga simu uulize kabla hajapanda ndege, usinitegemee mimi.

Kitu moja tu. Nimesoma swali lako mara mbili, kodi naiona kidogo, naona theluji kila mahali. Huyo mtu wa kuangalia dirishani akose hoja, si kodi inamsumbua. Kama ni baridi sema ni baridi, hiyo pia ni sababu.

Papa Amani DFW

Ndugu zangu salamu kutoka Fort Worth. Mimi ni Mkongomani, tulitoka kambi ya Nyarugusu 2016, tukaletwa Texas hatukuchagua, kwa hiyo mniruhusu niseme ya mtu mdogo.

Kodi ya jimbo mimi sijui ladha yake. Napanga apatimenti, niko kiwandani, mke anafanya usafi mu hoteli, watoto watano. Wanasema Texas ni rahisi na kweli nyumba hapa ilikuwa rahisi kuliko kwa ndugu yangu wa Seattle, na kule nako hakuna kodi ya mshahara. Lakini bima ya serikali tulipewa miezi minane ya mwanzo kisha ikaisha. Watoto wanayo, sisi wazazi hapana, kazini bei yake ni kali. Mimi nikaumwa tumbo usiku, nikangoja mpaka asubuhi kwa kuogopa bili, ikapasuka kidole tumbo. Nililazwa siku tisa. Ile bili nailipa mpaka leo kidogo kidogo, kila mwezi dola hamsini, hiyo ndiyo kodi yangu ya jimbo.

Sisemi usikuje. Kanisa letu ni kubwa, mihogo na sombe tunapata, watoto wanacheza inje hata mwezi wa kwanza. Nimesema tu uangalie kila mtu wa nyumba yako atatibiwa na nani.

Kobe wa Fort Bend

Papa Amani pole sana kaka.

Niongezee kwenye "maisha" maana naonekana kama naiponda Texas na mi sihami. Februari 2021 umeme ulikatika kwetu siku tatu, baridi ya chini ya sifuri, mabomba yakapasuka darini, tulilala watano kitanda kimoja na majaketi. Julai 2024 kikaja kimbunga Beryl, Houston na vitongoji wateja zaidi ya milioni mbili gizani, sisi siku sita bila AC kwenye joto la nyuzi 35, nyama yote ya friza tukachoma tukagawa mtaa mzima. Lakini Desemba nakaa barazani na kanzu. Jioni watu wananipitia bila kupiga simu kama niko Ilala. Miaka yangu miwili ya Iowa hakuna aliyewahi kunipitia, na hiyo sina pa kuiandika kwenye hesabu.

chuma_ulete

Shemeji huwa anawaalika mwezi gani? Nauliza tu.

mama_mapacha

Nimerudi wakuu, asanteni, nimesoma zote na mume nimemsomea kwa sauti akiwa njiani Nebraska.

Njeri umenishika pabaya dada. Ni baridi. Ni giza la saa kumi na nusu jioni, natoka shifti giza naingia shifti giza, msimu uliopita nilikaa kwenye gari la kazini nalia na sikuwa na sababu. Sikutaka kuandika hivyo ndo nikaandika kodi. Mume nimemwambia leo, akanyamaza muda mrefu halafu akasema kumbe.

Kazi za Katy nimeangalia, za cheo changu zinalipa pungufu ya dola mbili na nusu kwa saa. Ukiweka na hesabu ya Kobe tunaenda Texas kupoteza hela, sio kuokoa, kwa hiyo tukienda tutakuwa tumenunua jua, na tujue bei yake. Mama ndo ananitatiza zaidi, nimeshapiga simu kaunti kuuliza, wamenipa miadi.

Mume anataka tupange kwanza Katy miezi sita badala ya kununua, mapacha wamekataa, hapa shuleni wanakula chakula cha mchana bure na marafiki zao wapo. Hatujamaliza.

Chuma ulete umenifanya nicheke. Miaka yote ametualika Krismasi. Nimemwambia safari hii tunakuja Agosti, wiki mbili, kaniuliza mara tatu kwa nini Agosti.