Sosholojia (elimu ya jamii) ya utafiti Marekani: ilianzia Chicago kweli?

Mtoa hoja: Wakuu, vitabu vingi vya kufundishia bado vinaipa Chuo Kikuu cha Chicago cha baada ya 1910 heshima yote ya kuanzisha sosholojia ya utafiti. Napinga. W. E. B. Du Bois, msomi Mweusi wa Marekani, alianza utafiti Kata ya Saba ya Philadelphia mwaka 1896, akapita nyumba kwa nyumba kwenye kata yenye wakazi Weusi 9,675, na kitabu chake kikatoka 1899. Alikuwa na madodoso 6: la familia, la mtu mmojammoja, la nyumba (vyumba, kodi, wapangaji), la mtaa, la taasisi, na la watumishi Weusi wanaoishi kwa waajiri wao. Hilo la watumishi ndilo linalonifanya nimvulie kofia. Ukihesabu kaya za Weusi tu, watu hao hawaonekani popote.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, tusimtukuze kupita kiasi. Mtafiti Mwingereza Charles Booth alishachora ramani za umaskini London, na wakazi wa Hull-House, kituo cha kuhudumia maskini na wahamiaji, Chicago hiyohiyo, walitoa zao 1895. Isitoshe, kwenye ramani yake Du Bois aliligawa eneo katika madaraja 4, kila moja na rangi yake ya kuchorea, na daraja la chini kabisa akaliita la waovu na wahalifu. Kodi unaweza kuipima. Uovu wa kaya nzima unaupimaje?

Mchangiaji wa pili: Doa hilo lipo, asilifunike mtu. Ila kwenye kitabu hichohicho anaonya kwamba imani ya kimaadili ya mtafiti inaweza kupotosha anachokiona, na anataja yanayoharibu majibu: kutoelewa swali, kusahau, kudanganya makusudi. Ndiyo maana hakutegemea dodoso peke yake. Watafiti wangapi wa wakati ule walianika udhaifu wa data zao namna hiyo?

Kuhusu Du Bois kusahauliwa vitabuni, tazameni fedha. Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa na fedha za tajiri wa mafuta Rockefeller, na tangu 1895 kilikuwa na jarida lake la sosholojia. Du Bois alihamia Chuo Kikuu cha Atlanta 1897, akasimamia tafiti za kila mwaka kwa bajeti ya kubana, akaondoka 1910. Chuo cha Weusi, katika majimbo ya Kusini yenye ubaguzi wa kisheria, kingeshindana vipi?

Mtoa hoja: Basi Booth na Hull-House wapewe haki yao, kwa sababu walitangulia kuchora ramani. Ninachodai ni kwamba madodoso yale 6 yafundishwe kwenye somo la mbinu za utafiti, siyo kwenye mada ya ubaguzi peke yake.