Supu imekuwa chungu kama shubiri: majani makavu hupimwaje?

MpishiWaUsiku
Wadau, nisaidieni kabla sijafukuzwa kwenye jiko langu mwenyewe. Jana nilipika supu ya kuku. Maelezo yalitaka vijiko 2 vya chakula vya thaimu mbichi. Mbichi sina, nina kichupa cha kavu. Nikajisemea jani ni jani, nikapima vijiko vilevile viwili, nikamwaga. Baada ya nusu saa supu ni chungu kama shubiri, tena inakwaruza koo. Mume wangu akaonja mara tatu, akasema ameshiba. Ameshiba! Mtu katoka kazini na njaa zake. Kesho napika mchuzi wa nyanya unaotaka fungu zima la giligilani, nayo ninayo kavu tu. Nitie kiasi gani?

SufuriaNyeusi
Pole dada, umecheka na kutuchekesha. Jani likikauka, kinachotoka zaidi ni maji. Kwa thaimu harufu kubwa inabaki humohumo, imesongamana. Ndiyo maana watu hupima mbichi 3 kwa kavu 1. Kijiko cha chakula kina vijiko 3 vya chai, kwa hiyo hesabu ni nyepesi: kilichoandikwa cha chakula, wewe tia cha chai. Ulitakiwa vijiko 2 vya chai, ukatia mara tatu yake. Ingekuwa ya unga ungepunguza zaidi, maana unga hukolea kuliko majani yaliyovunjwavunjwa.

Giligilani kavu iache kabisa. Ikikaushwa harufu yake hupotea, utabaki na vidoa vya kijani.

Kijiko3
Basi atie mbegu za giligilani zilizosagwa, si mmea uleule?

SufuriaNyeusi
Mmea ni uleule, ladha ni mbali kabisa. Mchuzi utakuwa mzuri, ila hautakuwa ule alioukusudia. Mimi ningetafuta jani lolote laini bichi, hata kitunguu cha majani, nitie mwishoni na tone la limau.

BabaWaMajiko
Niongeze kidogo. Yenye vijiti vigumu, yaani rozmeri, thaimu na oregano, hukauka bila kupoteza sana. Laini kama giligilani, pasli na rehani ndiyo hufifia. Tena angalieni muda: kavu hutiwa mapema, lisuguliwe viganjani kwanza, lichemke pamoja na chakula. Bichi laini hutiwa sufuria ikikaribia kuepuliwa, la sivyo harufu inaondoka na mvuke.

Tangawizi msiipime kwa 3 kwa 1. Ya unga huwa na ukali wa aina nyingine, na robo kijiko cha chai kinatosha mahali pa kijiko cha chakula cha mbichi iliyokunwa.

Na hicho kichupa kinakaa wapi?

MpishiWaUsiku
Juu ya jiko, mkuu. Pazuri, nakifikia haraka.

BabaWaMajiko
Kitoe leo. Joto na mwanga huyachosha majani. Sugua kidogo unuse. Yasiponukia, ni nyasi hizo.

MpishiWaUsiku
Nimesugua, yananukia hadi nimepiga chafya. Kichupa kimehamia kabatini. Supu nimeichuja, nimeongeza maji na viazi, chumvi nikairekebisha, sasa inanyweka. Mume wangu nimemwekea bakuli. Anasema bado ameshiba ya jana.