Moshi wa bangi wa jirani: unaweza kuonekana kwenye kipimo cha mkojo?

Swali: Wakuu, nyumba ya kupanga, ukuta haufiki kwenye bati, moshi wa bangi unaingia chumba cha pili kila jioni. Asiyevuta anaweza kukutwa nayo kwenye mkojo akipimwa kazini? Na mtoto mchanga je?

Jibu 1: Kwa moshi wa kupenya juu ya ukuta, ni vigumu sana. Watafiti wa Johns Hopkins, kwenye matokeo ya 2015, waliketisha wavutaji 6 na wasiovuta 6 chumba kimoja kwa saa 1. Bila feni, wasiovuta walilewa kidogo, na sampuli moja tu ya mkojo ikafika nanogramu 50 kwa mililita, kiwango kinachotumika kwa kawaida kwenye vipimo vya kazini. Sasa nani anakaa hivyo bila kujua?

Jibu 2: Mkojo si hoja, hoja ni mapafu na mishipa ya damu. Moshi wa bangi una chembe laini na kaboni monoksaidi kama wa sigara. Kwa panya, dakika 1 ya moshi huo ilizuia mishipa kutanuka vizuri kwa dakika 90. Mtoto mchanga anapumua haraka kuliko mkubwa, kwa hiyo anavuta moshi mwingi zaidi kwa uzito wake.

Zibeni uwazi wa juu kwa mbao au nailoni nzito, madirisha ya nje yabaki wazi. Udi msichome, mnaongeza moshi juu ya moshi!

Jibu 3: Mtoto akilegea au asiamke vizuri, hospitali mara moja. Huenda amekula kipisi cha bangi.