Nimsindikizeje jirani anayekwenda kuomba amri ya ulinzi Malindi?

Jirani wa Barani:
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mama mmoja jirani yetu hapa Barani amepigwa na mumewe mara kadhaa, na kila mara wazee huketi, mume akaomba radhi, kisha mambo yakarudi yalivyokuwa. Sasa ameamua kwenda mahakamani kuomba amri ya ulinzi, yaani mahakama imkataze mumewe kumdhuru, na ameniomba niandamane naye. Mashemeji zake wanashikilia kwamba, kwa kuwa ndoa yao ni ya Kiislamu, shauri hili ni la Kadhi peke yake. Je, ni kweli? Na mimi kazi yangu ni ipi, nisije nikamharibia?

Wakili wa Pwani:
Waalaykum salaam. Si kweli. Mahakama ya Kadhi, kwa mujibu wa ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya, husikiliza mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaokubali mamlaka yake. Amri ya ulinzi huombwa mbele ya hakimu chini ya sheria ya mwaka 2015 inayohusu ulinzi dhidi ya dhuluma za nyumbani, na mke hahitaji kudai talaka kwanza ili aipate. Sheria hiyo haikomei kwenye kipigo: vitisho, kumfuatafuata mtu, kumwharibia mali na kumbana kwa pesa pia vimo. Hali ikiwa ya hatari, hakimu anaweza kutoa amri ya muda kabla mume hajasikilizwa. Anayeivunja amri anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 12, au yote mawili.

Bi Mshauri:
Mwenzangu ameeleza sheria vizuri; mimi nitasema juu ya kusindikiza, maana hapo ndipo wengi wenye nia njema hukosea. Usimsemee. Karani akimwuliza swali na wewe ukadakia, maelezo yatakuwa yako, na siku ya kusikilizwa mwenyewe atababaika. Kaeni nyumbani kwako mapema, aandike kwa maneno yake mambo yatakayoingia katika hati ya kiapo, yaani maelezo anayoapa kuwa ni kweli. Akiandika "hunipiga kila siku", hakimu hana cha kushika. Akiandika "Ijumaa usiku, baada ya Isha, alinipiga begani kwa mpini wa jembe, mtoto akiwa mlangoni", hilo ni jambo linaloulizika na kuthibitishika. Jumbe za vitisho asizifute, hata zile zinazomtia aibu.

Ikiwa ana jeraha, aende hospitali kwanza, kisha kituo cha polisi aandikishe ripoti na kupewa fomu ya P3, yaani fomu ya polisi ya kuandikia majeraha, ambayo hujazwa na mhudumu wa afya. Anaweza kuomba aandike maelezo yake mbele ya afisa wa kike. Nakala za karatasi hizi zikae kwako, zisikae kwake chini ya godoro.

Jambo ninaloliogopa zaidi ni ile siku mume atakapopokea karatasi za mahakama. Mkubaliane kabla ya siku hiyo mama atalala wapi, watoto watakuwa kwa nani, na vitambulisho vyao viko wapi. Namba 1195, ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia, hupigwa bila malipo.

Mzee wa Mtaa:
Nimeketi katika suluhu nyingi za namna hii. Mke na mume wakigombana twaweza kuwapatanisha, lakini mtu anayeumizwa mara kwa mara hatumfai kitu kwa kumrudisha pale pale ati heshima ya ukoo isivunjwe. Mashemeji wakija kwangu, nitawaambia hivyo.

Jirani wa Barani:
Mzee, Mungu akuzidishie. Maneno yako atayasikia leo. Nina swali moja: amri ikitolewa, ni mama huyu atakayeondoka nyumbani?

Wakili wa Pwani:
Si lazima. Anaweza kuomba hakimu aamuru mume asiingie katika nyumba hiyo, hata kama kodi hulipwa na mume, kwa hiyo ombi hilo liandikwe wazi tangu mwanzo. Amri ikitoka, nakala moja ipelekwe kituo cha polisi kilicho karibu naye, na nyingine asitembee bila kuwa nayo.