Nimelipia vyumba vya hoteli miezi 4 kabla, nimesimama mapokezi kwao na familia nzima, kesho yake wameandika "mgeni hakufika"

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki zipoe kabla sijamaliza huu uzi, maana zikipoa nitasema "basi yaishe" kama nilivyozoea.

Binti yangu mkubwa anaingia mwaka wa pili chuoni. Mwaka jana tulimpeleka mbiombio: tukashusha godoro, tukamkumbatia, tukageuza gari jioni ileile kwa sababu baba yake alikuwa na kazi kesho yake. Hakulalamika, lakini mwezi mzima nikimpigia simu nilikuwa nasikia mtoto anajikaza. Nikaapa mwaka huu hatutamtupa tena namna ile. Tutakwenda wote, mimi, baba yao, mdogo wake wa miaka 9 na bibi yao, tulale mjini Ijumaa na Jumamosi, tuutembee mji pamoja naye, halafu Jumapili asubuhi tumkabidhi hosteli taratibu. Nimejibana mwaka mzima kwa ajili ya siku hizo mbili.

Nilijua vyuo vikifunguliwa vyumba hugombewa, kwa hiyo niliweka nafasi miezi 4 kabla. Vyumba viwili, ghorofa moja, karibu na lifti kwa sababu ya goti la mama mkwe. Hoteli iko katikati ya mji, na hilo ndilo nililolipia: mzee aweze kutembea kidogo, arudi apumzike, atoke tena. Nikalipa yote kwa kadi ya benki kupitia tovuti ya kuwekea nafasi, kwa ile bei ya chini ambayo ukighairi hurudishiwi kitu. Sikuwa na mpango wa kughairi.

Tukafika Ijumaa saa 2:40 usiku. Kijana wa mapokezi akaandika jina langu, akafuta, akaandika tena, akaingia chumba cha nyuma. Akatoka na meneja wa zamu, ambaye salamu yake ilikuwa "kwa bahati mbaya". Hoteli imejaa.

Imejaaje wakati vyumba viwili ni vyangu? Nikamwonesha namba ya uthibitisho kwenye simu, nikamwonesha na risiti. Hakubisha. Alisema nafasi yangu anaiona, na malipo yamefika, ila "tumezidiwa kidogo wikiendi hii", na kwamba kipaumbele wamewapa wageni walioweka nafasi moja kwa moja kwao. Aliniambia hivyo mbele ya wanangu, bila hata kushusha sauti. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti cha pale ukumbini, fimbo magotini. Akaniita: "Mwanangu, waambie sisi hatujaja kuomba."

Saa nzima tumekaa pale. Mwishowe wakatupatia chumba kimoja, narudia, KIMOJA, kwenye hoteli nyingine nje kabisa ya mji, watu watano. Nauli juu yetu. Mdogo wao alikuwa amelala na viatu juu ya begi la dada yake, baba yake akambeba hivyohivyo. Ndani ya gari binti akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mngenileta tu Jumapili, msingepata shida hii." Huyo ndiye tuliyekuja kumfurahisha. Mpaka sasa nikiikumbuka sentensi hiyo nashindwa kukaa.

Sasa sikilizeni Jumamosi. Asubuhi naamka nakuta barua pepe ya ile tovuti: hoteli imetoa taarifa kwamba mgeni HAKUFIKA, kwa hiyo kwa mujibu wa masharti fedha hazirudi. Nilisoma mara tatu. Yaani watu walionitazama usoni, wakakiri wameziona fedha zangu, wakanitoa usiku na mzee na mtoto, walipobaki peke yao wakaandika sikufika!

Jumamosi yote ikaishia kwenye simu. Tovuti wanasema hoteli ndiyo iliyotoa taarifa, zungumza nao. Hoteli wanasema ulilipa kwa tovuti, zungumza nao. Nikiwa nasubiri kwenye laini nawaona watoto kupitia dirishani wanazungukazunguka kwenye maegesho ya magari, maana kufika mjini kutoka kule ni zaidi ya saa moja na mzee asingeiweza safari hiyo kwenda na kurudi. Hatukuona chochote. Jumapili foleni ikatukamata, na chuo kilimpangia muda wa kuingia saa 3 hadi saa 4 asubuhi. Tumefika saa 4 kasoro dakika 10. Mizigo ikashushwa kama watu wanaokimbia moto, mlinzi anatupigia kelele tuondoe gari. Nimemuaga mwanangu nimeshika beseni lake mkononi. Mwaka wa pili mfululizo.

Mtaniambia ni bahati mbaya. Hapana. Hoteli nyingi huuza vyumba kuliko zilivyonavyo, kwa makusudi, zikitegemea kwamba kuna watu wataghairi na wengine hawatatokea. Siku za kawaida hesabu hiyo inawakalia sawa na hakuna anayejua. Lakini wikiendi ya kufungua chuo ni mzazi gani asiyetokea? Mtoto lazima apelekwe! Wanajua, na ndiyo maana bei za wikiendi hiyo huzipandisha. Hesabu ikiwagomea, anayetolewa ni aliyechelewa kufika, aliyelipa bei ya chini, aliyepitia kwa wakala. Sisi tulikuwa vyote vitatu. Na kuchelewa kwenyewe ni kwa sababu tulikuwa na mzee tunayesimama naye njiani kila mara anyooshe mguu.

Mashirika ya ndege nayo huuza viti kupita idadi, lakini huko angalau watu walipambana. Ralph Nader, mtetezi wa haki za walaji wa Marekani, aliachwa na ndege mwaka 1972 ilhali nafasi yake ilishathibitishwa. Akashtaki, na kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu mwaka 1976. Umoja wa Ulaya nao una kanuni namba 261 ya mwaka 2004: shirika litafute kwanza abiria wanaojitolea kubaki, na anayeachwa bila ridhaa yake alipwe fidia, euro 250 hadi 600 kulingana na umbali wa safari. Sisi nani alituuliza kama tuko radhi? Pale ukumbini walikuwepo vijana wawili wasio na mtoto wala mzee, wamepewa ufunguo mbele yangu. Siwalaumu. Ila meneja asingepungukiwa na kitu kuuliza kama kuna wa kuhamia kwingine kwa kulipwa.

Jambo moja limenipa nguvu. Binti yangu ana tabia ya kupiga picha kila tunapofika mahali. Ijumaa ile, kabla mambo hayajaharibika, alimpiga bibi yake pale kwenye kiti. Nyuma yake inaonekana meza ya mapokezi, jina la hoteli ukutani, na saa kubwa ya ukutani inasoma saa 2:43. Amenitumia picha 9 kutoka hosteli jana usiku. Katika mbili meneja mwenyewe anaonekana.

Ninachoomba kwenu: aliyewahi kupinga makato ya kadi kwa huduma aliyolipia akanyimwa, aje aseme benki ilimtaka ushahidi gani na aliandikaje barua. Msinitumie "pole" peke yake, nisaidieni maneno. Na mnaofanya kazi za hoteli mliomo humu, nielezeni nani ana mamlaka ya kuandika "hakufika", na kama kwenye mfumo hubaki kumbukumbu ya aliyeandika na saa aliyoandika.

Jina la hoteli silitaji hapa mpaka benki wajibu. Naenda kesho asubuhi na picha zote 9, risiti na ile barua pepe yao.