Ile kadi ya Aymen Hussein Kombe la Asia: refa alikuwa sahihi au Iraq waliporwa?

Jamani nimeirudia tena ile klipu ya Iraq na Jordan, 16 bora, Januari 29, 2024 pale Doha, na bado roho haijatulia. Kwa ambao hawakuicheki: Jordan wanatangulia mwishoni mwa kipindi cha kwanza kupitia Yazan Al-Naimat, wachezaji wanajikalia kwenye nyasi wanajifanya wanakula mansaf, ule wali wao wa nyama na mtindi unaoliwa kwa mkono kwenye sinia moja, refa kimya. Iraq wanarudisha, dakika ya 76 Aymen anaweka la pili, naye anakaa chini anachota nyasi kwa vidole anapeleka mdomoni. Refa Alireza Faghani huyoo, njano ya pili, umeme, yaani kadi nyekundu! Dakika ya 95 Yazan Al-Arab anasawazisha, ya 97 Nizar Al-Rashdan anamaliza kazi, 3-2, Iraq wanapanda ndege.

Sasa nauliza, kula kwa kula, tofauti iko wapi?

—

Tofauti ipo kubwa tu mkuu. Jordan walikula chakula cha kwao, hawakumgusa mtu. Aymen aliwaigiza wenzake kuwakejeli, na sheria ya 12 ya soka iko wazi, ishara ya kejeli au uchokozi wakati wa kushangilia ni njano. Usichanganye mwenye sinia na anayemcheka mwenye sinia.

—

Mwenye sinia gani bwana, wale walianza wao, tena mbele ya Wairaqi! Na hata kama ni kejeli, mtu mzima unatoa kadi nyekundu kwa kula majani? Huyu ndo aliwapiga Japan mbili peke yake kwenye makundi, ana magoli sita mpaka hapo, anaongoza wafungaji, halafu unamtoa uwanjani kwa mchezo wa watoto. Mwisho wa siku kiatu cha mfungaji bora akaondoka nacho Akram Afif wa Qatar na nane zake.

—

Mie napuliza filimbi mechi za mchangani huku kwetu, ngoja niwaambie kitu. Kuna dogo alifunga akaenda kumchezea kiuno golikipa, nikamlima njano, watu wakataka kunitoa roho. Ila dogo hakuwa na kadi kabla. Aymen alikuwa nayo! Straika wa timu ya taifa mwenye njano mfukoni, anaongoza 2-1, zimebaki dakika kumi na kitu, anaenda kuchezea moto kwa nini? Lawama kwa refa nampa nusu tu, kwamba angewaonya Jordan kipindi cha kwanza asingefika huko. Nusu nyingine abebe mwenyewe.

—

(Mleta mada) Sawa mzee wa filimbi, hapo kwa kuwaonya nimekuelewa na ndo hoja yangu yote, ukiachia la kwanza umeshawapa ruhusa wote. Ila wanaosema Jordan walibebwa nao wapunguze, maana hawa jamaa wakawatoa Tajikistan 1-0, wakawapiga Korea Kusini 2-0 nusu fainali bila kadi nyekundu ya mtu, walikuja kukwama kwa Qatar 3-1, na zote tatu Afif kapiga penalti.

Na hiyo ya penalti tatu fainali nayo ni kesi nyingine, nani anaianzishia uzi wake?