Majeraha ya utotoni na ubongo: Hamer, "ubongo wa tabaka tatu" au unasihi? (Ulinganisho)

Mwanakwetu (mleta mada)

Habari zenu wanajukwaa. Naomba mnisaidie kulinganisha, maana jambo limeshafika nyumbani. Dada yangu mkubwa ameona uvimbe kwenye titi la kushoto. Kabla hajaenda hospitali, rafiki yake akamwingiza kwenye kundi la WhatsApp la mtu anayefundisha "kusoma ubongo". Huko ameambiwa kwamba kwa mwanamke anayetumia mkono wa kulia, titi la kushoto linabeba ugomvi au hofu inayomhusu mtoto wake, kwamba mshtuko huo umeacha alama kwenye serebelamu, yaani ubongo wa nyuma, na kwamba akiumaliza ugomvi moyoni uvimbe utaondoka wenyewe. Na kweli yeye na mwanawe wa mwisho hawaelewani, kwa hiyo maneno yamemwingia.

Nimesoma nikakuta mafundisho matatu yanayounganisha ubongo, hisia na utoto. Moja ni hilo, la daktari Mjerumani Ryke Geerd Hamer. La pili ni la Paul MacLean wa Marekani, la miaka ya 1960: ubongo wa mjusi chini kwa ajili ya kujihami, ubongo wa hisia katikati, ubongo wa akili juu. La tatu ni unasihi unaojengwa juu ya utafiti wa madhila ya utotoni, ule unaoitwa ACE. Lipi linasimama, na lipi nimpelekee dada?

Fundi wa Picha

Mkuu, mimi nafanya kazi chumba cha CT, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa eksirei, acha nianzie huko. Hamer alifiwa na mwanawe Dirk mwaka 1978, kijana aliyepigwa risasi akiwa kwenye boti karibu na Corsica. Baadaye yeye mwenyewe akapata saratani ya korodani. Akaunganisha mambo hayo mawili, kisha akasema kila saratani inaanzia kwenye mshtuko wa namna hiyo. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa picha za CT za ubongo zenye miduara, pete ndani ya pete, na kila pete akaipa kiungo chake na huzuni yake.

Pete hizo tunazijua. Mashine ina safu ya vipokezi vya eksirei vinavyozunguka kichwa cha mgonjwa. Kipokezi kimoja kikipotoka kidogo, kosa lake huchorwa kwenye picha kama duara kamili. Ndiyo maana kitovu cha pete huwa ni kitovu cha mzunguko wa mashine, popote kichwa kilipolala. Ukiisawazisha mashine na kumpiga mgonjwa yuleyule picha nyingine, pete haipo. Huzuni ya mtu haiwezi kufutwa na fundi anayesawazisha vipokezi.

Hamer alinyang'anywa leseni ya udaktari mwaka 1986 na baadaye alifungwa jela, Ujerumani na Ufaransa. Alifariki 2017. Mafundisho yake yanaendelea kuuzwa kwa majina mengine.

Safari ya Ndani

Natofautiana nanyi kidogo, kwa heshima. Mimi niliumwa mgongo kwa muda mrefu, vipimo vyote havikuonyesha kitu. Nilipokaa na mtu nikazungumza habari za baba yangu, namna alivyokuwa akitupiga, maumivu yalipungua sana. Hospitali hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu utoto wangu. Hawa watu wanauliza. Wanasikiliza saa nzima. Msiwapuuze wagonjwa wanaokwenda kwao, wanakwenda kwa sababu.

Bibi Nesi

Mwanangu Safari, pole sana, na hilo la kutoulizwa ni kweli kabisa. Nimestaafu baada ya kufanya kazi wodini miaka mingi, na ninakiri kwamba tulikuwa hatuna muda, na mara nyingine hatukuwa hata na kiti cha kumkalisha mgonjwa tukazungumza.

Lakini tutenganishe. Maumivu yanapita kwenye ubongo. Mtu mwenye hofu ya siku nyingi misuli yake hukaza, usingizi hupotea, na maumivu yaleyale huyasikia kwa ukali zaidi. Kuzungumza kunaweza kupunguza hayo. Uvimbe ni kitu kingine. Seli zilizoanza kugawanyika ovyo hazingojei mama na mtoto wapatane.

Mnamjua mtoto Olivia wa Austria? Mwaka 1995 alikuwa na umri wa miaka 6, ana saratani ya figo aina ya Wilms, ambayo watoto wengi hupona wakitibiwa mapema. Wazazi wake walimfuata Hamer wakakimbilia Hispania. Uvimbe ukakua hadi kukaribia kilo 4. Mahakama iliingilia, mtoto akapewa dawa za saratani na kufanyiwa upasuaji, akapona. Mimi nikisoma habari ile nawaza wale wasiofikiwa na mahakama yoyote.

Kipanga

Nije kwa MacLean, maana walimu wengi wa semina za "jitambue" wanamtumia bila kumtaja. Yeye hakuwa tapeli. Alikuwa mtafiti wa kweli na alilisukuma suala la hisia mbele wakati wengi hawakulijali. Ila picha ya tabaka tatu imekataliwa na wanaochunguza ubongo wa wanyama. Mijusi na ndege wana sehemu zinazolingana na za kwetu za juu. Ubongo haukuongezwa ghorofa juu ya ghorofa.

Na ule usemi wa "hofu inakaa amigdala", yaani vijisehemu viwili vidogo ndani ya ubongo, kimoja kila upande, nao usichukuliwe kijuujuu. Yupo mwanamke huko Marekani, watafiti wanamwita S.M., ambaye ugonjwa adimu uliharibu amigdala zake zote mbili. Nyoka hawamtishi. Lakini alipovutishwa hewa yenye kaboni dioksidi nyingi, kwenye utafiti uliotolewa 2013, alishikwa na hofu kali ya ghafla. Kwa hiyo hata hofu haina chumba kimoja.

Mlezi wa Bungoma

Hamjambo nyote. Mimi ni mnasihi wa kujitolea, Kenya magharibi. Hili la tatu ndilo lenye mizizi, ingawa nalo hutumiwa vibaya.

Daktari Vincent Felitti alikuwa na kliniki ya kupunguza uzito kwa wanene huko San Diego miaka ya 1980. Akashangaa kuona waliokuwa wanapungua vizuri ndio wanaotoroka. Alipowauliza, wengi walikuwa wamedhulumiwa kingono utotoni. Yeye na mtafiti mwenzake Robert Anda wakawahoji watu zaidi ya 17,000, matokeo ya kwanza yakatoka 1998: kadiri aina za madhila zilivyokuwa nyingi, ndivyo ulevi, sonona, majaribio ya kujiua, hata magonjwa ya moyo, yalivyoongezeka. Sehemu ya njia inaonekana wazi, kwa mfano mtu aliyeumizwa huvuta sigara na kunywa ili apate nafuu.

Sasa msikilize: hizo ni hesabu za kundi kubwa. Anda mwenyewe mwaka 2020 alionya dhidi ya kutumia alama za ACE, yaani hesabu ya aina za madhila aliyopitia mtu, kumbashiria mtu mmoja mmoja. Hakuna mahali utafiti huo unaposema ugomvi huu unaleta uvimbe pale.

Ubongo kweli hubadilika. Huko Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000, watoto 136 wa vituo vya yatima walifuatiliwa, nusu wakapelekwa kwa familia za malezi. Waliotoka kituoni kabla ya miaka 2 walifaidika zaidi, na ilionekana hata kwenye mawimbi ya umeme ya ubongo. Na hapa kwetu, Kenya na Tanzania, watoto 640 waliofiwa na wazazi walishiriki jaribio lililochapishwa 2020. Wanasihi walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa, kama mimi, wala hawakusoma picha ya ubongo ya mtoto yeyote. Mtoto alisimulia kifo cha mzazi wake kidogo kidogo, mlezi wake akiwa karibu. Watoto wa Kenya walikuwa na nafuu kuliko wenzao waliopewa huduma za kawaida, hata mwaka mmoja baadaye. Wa Tanzania nao walipata nafuu, ila hata wenzao wa huduma za kawaida walipata.

Safari ya Ndani

Asante, mlezi. Kumbe nilichopata mimi kilikuwa unasihi, na ramani ya ubongo waliniongezea juu. Hata hivyo nashikilia kwamba hospitali zijifunze kuuliza.

Mwanakwetu (mleta mada)

Nimemsomea dada majibu yote kwa simu. Kilichomgusa zaidi ni la Bibi Nesi. Alilia, akasema tangu aingie kundi lile amekuwa akijiona yeye na mwanawe ndio waliouleta ugonjwa. Amekubali kwenda. Aanzie wapi, na aulize nini?

Bibi Nesi

Mwambie hajauleta, wala mwanawe hajauleta. Aanzie hospitali ya wilaya wiki hii hii, asisubiri maumivu, maana uvimbe wa hatari mara nyingi hauumi. Wamshike kwa mikono matiti yote mawili na makwapa, kisha ultrasaundi au mamografia (picha ya eksirei ya titi), kisha wachukue kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kikapimwe. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, lakini anayejua ni wa maabara. Jibu la kinyama apewe kwa maandishi na atunze nakala. Wakimwandikia rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, aende nayo pamoja na picha zote. Na kama mwanawe yuko tayari, amsindikize.